Umeme wa Mti: Ni wa Mti au ni wa Misumari?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuuliza si ujinga. Nami, msomaji mpendwa, nataka tuulizane swali moja tu katika makala haya. Ukigongomea msumari kwenye shina la mparachichi, ukachomeka mwingine ardhini karibu na mizizi, kisha ukaunganisha misumari hiyo na kipimaumeme (wengi wetu tunakiita multimita), utaona tarakimu zikijitokeza kwenye kioo chake. Tarakimu hizo si uongo wala mazingaombwe. Umeme upo. Je, umetoka wapi? Umetoka kwa mti, umetoka udongoni, au umetoka kwa misumari yenyewe?

Wako wanachama wenzangu wanaosema ati Chama cha Kiswahili ni cha mashairi na ngonjera tu, na kwamba Fizikia haisemeki kwa lugha yetu. Hebu wasome hadi mwisho, kisha waamue wenyewe.

Kisa cha kuuliza

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa nyanya, huko Murang'a. Nyanya ni mwekahazina wa kikundi cha akina mama ambao huchanga pesa kila mwezi na kupeana kwa zamu. Siku hiyo walikuwa wamepata mgeni. Alikuwa kijana mtanashati mwenye mkoba, aliyejitambulisha kama fundi wa umeme wa miti. Alichomeka chuma kimoja kwenye mparachichi wa nyanya, kingine akakichomeka ardhini, akaweka kipimaumeme. Kikasoma volti 0.8. Akina mama wakapiga makofi.

Kijana yule akasema kwamba mti hutoa umeme usiku na mchana kama vile ng'ombe anavyotoa maziwa. Mti mmoja ukitoa kidogo, alisema, basi shamba zima litatoa kingi, kwa maana haba na haba hujaza kibaba. Alitaka kila mama atoe shilingi 1,500 kama malipo ya kwanza, ili aje na vyuma vya kutosha na taa za kila nyumba. Akina mama walikuwa 22. Piga hesabu mwenyewe: hizo ni shilingi 33,000, karo ya watoto na mbolea ya msimu.

Nyanya hakusema ndiyo wala la. Aliviangalia vile vyuma, kimoja chekundu na kingine cha kijivu, akauliza, "Mwanangu, mbona vyuma vyako havifanani?"

Kijana akacheka, akasema ni mambo ya kitaalamu. Alipoondoka, nyanya alinigeukia. "Wewe mjukuu wangu unasoma Fizikia. Kabla sijatoa pesa za watu, niambie kama jambo hili ni kweli." Nilimwomba muda hadi nirudi shuleni nikajaribu. Yaliyo hapa chini ndiyo majibu niliyompelekea.

Ugomvi wa Galvani na Volta

Swali la nyanya kuhusu vyuma lina umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Huko Italia, katika mji wa Bologna, aliishi daktari aitwaye Luigi Galvani. Aligundua kwamba miguu ya chura aliyekufa, ikiguswa kwa vyuma viwili vya aina tofauti vilivyoungana, hurukaruka kana kwamba chura amefufuka. Mnamo 1791 alichapisha maoni yake: mnyama ana umeme wake mwilini, na chuma ni njia tu ya kuupitisha.

Mwitaliano mwenzake, Alessandro Volta, hakukubali. Yeye alisema umeme ule ulitokana na kukutana kwa vyuma viwili tofauti, na chura alikuwa kitu chenye majimaji ya chumvi tu. Ili kuthibitisha, alipanga vipande vya shaba (au fedha) na zinki, kimoja juu ya kingine, akatia katikati yake vipande vya nguo au karatasi nzito iliyoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukatoka bila chura yeyote. Hiyo ndiyo betri ya kwanza, ambayo aliitangaza mwaka 1800. Neno volti limetokana na jina lake.

Je, nani alishinda? Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa na haki yake. Betri ni ya Volta. Lakini Galvani naye aliweza baadaye kuurusha mguu wa chura bila chuma chochote, kwa kuugusisha mshipa wa fahamu na msuli. Viumbe hai vina umeme wao, ila ni mdogo, na ukitumia vyuma viwili tofauti kuupima, sauti ya vyuma huimeza sauti ya kiumbe.

Hata mimea ina umeme wake. Bila shaka umewahi kuugusa ule mmea uitwao kifaurongo, ukaona ukikunja majani kama mtu aliyeona haya. Ishara inayopita kwenye kikonyo chake ni ya umeme. Mwanasayansi wa India, Jagadis Chandra Bose, alijiundia vyombo vya kupima mambo kama hayo mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1917 akaanzisha taasisi yake ya utafiti mjini Kolkata. Basi kusema kwamba mti una umeme si ushirikina. Kazi iliyobaki ni kujua kiasi chake.

Majaribio yetu

Mwalimu wetu wa Fizikia alituruhusu kutumia kipimaumeme cha maabara, mradi tuandike kila kitu. Tulikuwa watano. Tulichukua misumari ya mabati, yaani ile iliyopakwa zinki, na vipande vya waya mnene wa shaba uliochunwa mpira wake. Mti wetu ulikuwa mparachichi ulio nyuma ya bweni.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kumwiga fundi. Waya wa shaba mtini, msumari wa mabati ardhini. Tukapata karibu volti 0.8, kama yeye. Kufikia hapo, fundi hakudanganya.

Jaribio la pili lilikuwa la kuuondoa mti. Tulijaza ndoo udongo, tukaumwagia maji hadi ukawa matope, tukachomeka waya wa shaba na msumari wa mabati humo humo. Ndoo haina mizizi, haina majani, haikui. Nayo pia ikatupa karibu volti 0.8! Hapo ndipo wenzangu walipoanza kutazamana. Kama ndoo ya matope inatoa sawa na mti, basi volti hizo hazikutoka kwa uhai wa mti. Zimetoka kwa shaba na zinki. Mti na matope vimefanya kazi ile ile ya nguo iliyoloweshwa ya Volta.

Jaribio la tatu lilikuwa la kuuacha mti useme peke yake. Tulitumia shaba kwa shaba, vipande viwili vilivyokatwa kwenye waya mmoja. Kwanza tulivitia vyote viwili ndani ya ndoo, na kipimaumeme kikasoma karibu sufuri, kama inavyotakiwa. Kisha kimoja tukakitia mtini na kingine ardhini. Sasa tarakimu zilichezacheza kati ya milivolti 40 na 90. (Milivolti ni sehemu moja ya elfu ya volti.) Tukavibadilisha vipande hivyo, cha mtini kikaenda ardhini na cha ardhini kikaenda mtini. Tarakimu zikabaki pale pale au karibu. Maana yake ni kwamba tofauti ilikuwa ya mahali, haikuwa ya waya. Huo ndio umeme ambao mti na udongo wake wanaweza kudai kuwa ni wao: mdogo mara kumi hivi kuliko ule wa fundi.

Jaribio la nne lilikuwa la kuupa umeme kazi. Tulirudia vyuma viwili tofauti mtini na ardhini, tukaona volti 0.8, kisha tukaunganisha kikinza cha omu 1,000 baina ya ncha mbili za kipimaumeme. Volti zikaporomoka hadi chini ya 0.1. Tulipokiondoa kikinza, zikapanda tena.

Kwa nini? Chukua mfano wa tangi la maji lililowekwa juu ya mnara mrefu, lakini bomba lake ni jembamba kama sindano. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, utahisi msukumo. Ukilifungulia ili ujaze karai, utapata matone na utalala njaa ukingoja ugali. Volti ni msukumo. Kinachowasha taa ni msukumo pamoja na wingi wa mkondo unaopita. Kipimaumeme hakinywi mkondo wowote wa maana, ndiyo maana husoma msukumo mzuri hata pale ambapo hakuna nguvu ya kufanya kazi. Taa ni mnywaji, na mti hauna cha kumnywesha.

Watafiti wamesema nini?

Msomaji asidhani sisi wa kidato cha tatu ndio wa kwanza kuliona jambo hili. Mwaka 2008, watafiti watatu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, Christopher Love, Shuguang Zhang na Andreas Mershin, walichapisha uchunguzi wao kuhusu mti mdogo uliopandwa ndani ya chungu. Mti wenyewe ni Ficus benjamina, ndugu wa mkuyu na wa mugumo. Baina ya shina na udongo walipata tofauti ya milivolti kati ya 50 na 200. Baada ya kuhakikisha kwamba haikutokana na vyuma kuliwa na kemikali, walionyesha kwamba sababu kubwa ni tofauti ya asidi.

Hebu nieleze. Maji yaliyo ndani ya mishipa ya mti na maji yaliyo udongoni hayana kiwango kimoja cha asidi, kile kinachoandikwa pH. Mti hujitahidi kuweka kiwango chake mahali pamoja, hata kama udongo unabadilika. Kwa nyuzijoto 25, tofauti ya hatua moja ya pH inaweza kuzaa karibu milivolti 59. Hivyo basi, hatua mbili au tatu zinatosha kuleta tarakimu kama zile za watafiti wale.

Mwaka uliofuata, 2009, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walitangaza jambo jingine la kupendeza. Mwanafunzi mmoja wao alizunguka akipima miti kwa misumari na kipimaumeme, na wakaona kwamba mti mmoja wenye majani mapana, ulio mwingi katika eneo la chuo chao, hutoa milivolti mia kadhaa bila kukoma. Walichagua kwa makusudi chuma cha aina moja pande zote mbili, ili umeme wa mti usichanganywe na ule wa jaribio la kiazi au limau. Ni swali la nyanya lile lile!

Kisha walitengeneza saketi ndogo mno, ambayo inaweza kupokea hata milivolti 20 na kuzikusanya hadi zikatoa volti 1.1. Ilifanya kazi kwa umeme wa mti peke yake. Usiruke bado kwa furaha. Saketi hiyo ilitumia wastani wa nanowati 10 tu, na nanowati ni sehemu moja ya bilioni ya wati. Inatosha kifaa kidogo sana cha kuhisi hali ya mti au ya hewa msituni na kulala kwa muda mrefu kati ya kipimo na kipimo. Haitoshi kumulika kitabu.

Haba na haba hujaza kibaba?

Sasa turudi kwa methali ya fundi. Methali ni kweli, lakini inafaa tujue ukubwa wa haba na ukubwa wa kibaba. Tuseme kila mti utupe nanowati 10, kiasi kile kilichotumiwa na saketi ya Seattle. Taa ndogo ya wati 1 itahitaji miti mingapi? Gawanya 1 kwa sehemu kumi za bilioni. Jibu ni miti milioni 100. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Kwa hiyo kila Mkenya, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana, angetakiwa kuleta miti miwili, na bado tungekuwa tumewasha taa moja tu, tena hafifu. Waya wa kuiunganisha miti hiyo sitauzungumzia.

Labda utaniambia: basi tutumie vyuma viwili tofauti kama fundi, tupate volti 0.8. Sawa, lakini hapo unachokula ni zinki. Kila umeme unapopita, zinki huyeyuka kidogo kidogo hadi msumari ukabaki na kutu. Gramu moja ya zinki, hata kama haitapotea hata chembe, hutoa takriban ampea-saa 0.82. Kwa msukumo wa volti 0.8, hiyo haiwezi kuwasha taa ya wati 1 kwa saa nzima. Huo si umeme wa bure. Ni betri ya bei ghali iliyochomekwa mtini, na mti umepata jeraha bure.

Jambo moja zaidi. Fundi alidai kwamba jozi nyingi za vyuma kwenye mti mmoja zitajumlisha volti zake. La, hasha! Jozi zikitumia majimaji mamoja, umeme hupita njia ya mkato ndani ya mti wenyewe. Ndiyo maana wanaofanya jaribio la malimau hutumia limau tofauti kwa kila jozi.

Haya yote nilimweleza nyanya kwa simu, kisha nikampelekea kwa maandishi. Yeye hakuwasomea akina mama hesabu zangu. Aliwafanyia jaribio la ndoo ya matope mbele ya macho yao, akimtumia mvulana wa jirani mwenye kipimaumeme cha kutengenezea redio. Halafu wakakubaliana kumpa fundi sharti moja: awashe taa moja kwa mti mmoja tangu magharibi hadi alfajiri, kwa chuma cha aina moja pande zote, kisha atalipwa. Aliahidi kurudi wiki iliyofuata. Hadi ninapoandika, pesa za akina mama zingali katika akaunti yao.

Ukitaka kujaribu

Ndugu msomaji, jaribio hili ni rahisi na shule yoyote yenye kipimaumeme inaweza kulifanya. Zingatia haya:

1. Tumia kipande kidogo cha chuma na mti uliokomaa. Jeraha la mti ni mlango wa kuvu na wadudu. Usiugeuze mti wa shule kuwa nungunungu.
2. Usichague mti ulio chini ya nyaya za stima, wala usipime wakati wa mvua ya radi.
3. Kwanza tia vyuma vyote viwili mahali pamoja. Kama kipimaumeme hakisomi karibu sufuri, vyuma vyako havifanani kama unavyodhani.
4. Ngoja dakika kadhaa tarakimu zitulie, kisha badilisha vyuma mahali na upime tena.
5. Pima asubuhi, adhuhuri na jioni. Watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2006 jinsi umeme katika shina la mti mmoja ulivyobadilika kila siku, wakaulinganisha na mwendo wa maji ndani ya shina. Huenda mti wenu nao una ratiba yake.

Msamiati

Kipimaumeme: chombo cha kupimia volti, mkondo na ukinzani, multimita.
Mkondo: wingi wa umeme unaopita kwa muda fulani.
Ukinzani: uzito wa kitu katika kuupitisha umeme, hupimwa kwa omu.
Kikinza: kifaa kinachowekwa ili kuupunguza mkondo.
Saketi: njia kamili ya umeme pamoja na vifaa vyake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ndoo ya matope ilitoa volti karibu sawa na mparachichi?
2. Galvani na Volta walitofautiana wapi, na kila mmoja alikuwa na haki gani?
3. Taa ya wati 3 ingehitaji miti mingapi, ikiwa kila mti unatoa nanowati 10?
4. Jirani yako amekuonyesha tarakimu kwenye kipimaumeme na kukuomba pesa. Taja maswali mawili utakayomuuliza kabla ya kufungua mkoba.

Atakayejibu swali la nne vizuri kuliko wote, aniletee jibu lake mkutanoni Alhamisi. Nitalipeleka kwa nyanya asahihishe.